Choya za Mama Lyse Kando ya Barabara

Kabla hujakaa vizuri, nikutegee kimoja. Nina mgeni: asubuhi amevaa gauni zuri, jioni amelivua akalitupa chini, na akishalivua ndipo anapoanza kunenepa. Mgeni huyo ni nani?

Ukikosa usione haya. Selina alitegewa kitendawili hichohicho akiwa na miaka kumi na miwili, akakikosa mara nyingi, mpaka siku alipomwona mgeni mwenyewe kwa macho yake.

Selina alisoma darasa la tano. Waliishi Bangwe, mjini Kigoma, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inayoteremka ziwani. Kila asubuhi alikwenda ziwani na ndoo, akapanda nayo kichwani, akafagia uwanja, kisha akavaa sare na kukimbilia shule. Mama yake, Brigita, alikuwa mtu wa samaki. Alinunua migebuka kwa wavuvi, akaipasua na kuipanga ndani ya pipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi. Ikishakolea aliianika, halafu akawapelekea watu wa Kalinzi kule milimani. Nyumba yao ilinuka samaki mwaka mzima, na wenyewe hawakuwa na habari.

Ilikuwa miaka ile ambayo watu wa Burundi walivuka kuja kwetu kwa makundi, wakikimbia vita. Wengi walipelekwa kambini. Mmoja wao, mwanamke mrefu mwembamba, alifika kwa boti kutoka Mwamgongo, mguu wake umeumia hata hawezi kuukanyagia. Kwa kuwa alitakiwa hospitali mara kwa mara, aliruhusiwa kukaa mjini, na Brigita akampa chumba cha uani. Katika kukimbia alikuwa amepotezana na binti yake. Watu walitawanyika porini karibu na mpaka, mama akaangukia njia ya ziwani, mtoto akachukuliwa na kundi jingine. Binti huyo aliitwa Lyse. Basi mtaa mzima ukamwita mwanamke yule Mama Lyse, ingawa Lyse mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Kila alipoitwa aligeuka upesi, kama mtu anayeletewa habari.

Mzigo aliokuja nao ulikuwa sufuria moja, nguo alizovaa, na fundo dogo kwenye pindo la kitenge. Ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za choya, ile mimea ya juisi nyekundu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Selina alimwona akizipanda. Hakuweza kuinama wala kuchuchumaa. Aliketi chini, mguu mbovu kaunyoosha mbele, akachimba kwa kipande cha panga, akatia mbegu, akafukia. Kisha akajisogeza kidogo kwa mikono na kuchimba tena. Alikwenda hivyo kandokando ya barabara mpaka mwisho wa uwanja, kitenge chake kikageuka rangi ya udongo. Selina alisimama na ufagio mkononi, akasahau anafagia nini.

"Shikamoo, Mama Lyse."

"Marahaba, mwana wanje." Kwa Kirundi maana yake ni mwanangu.

"Nyuma ya nyumba kuna nafasi, tena kuna uzio. Hapa mbele mbuzi wa Mzee Bonifasi watazila. Kwa nini unapanda barabarani?"

Mama Lyse akapangusa jasho. "Hilo swali lilaze kwanza. Litaamka lenyewe. Wewe chukua hiki." Ndipo akamtegea kile kitendawili cha mgeni na gauni.

Choya ziliota, na uzuri wake hauelezeki upesi. Mashina yalikuwa mekundu kama yaliyopakwa rangi, na majani yamegawanyika kama vidole. Ukitafuna jani, uchachu wake unakufumbisha macho. Kila asubuhi Mama Lyse alizikagua moja moja, akijikongoja na fimbo yake. Palipo na wadudu alinyunyiza majivu. Brigita alipoosha samaki wabichi, Mama Lyse aliyaomba yale maji na kuyamwagia choya. "Samaki wako, Mama Selina," alisema, "wananifanyia kazi hata wakishakufa." Watu waliokwenda ziwani walipunguza mwendo wapate kutazama.

Rafiki wa Selina aliitwa Sia. Baba yake alikuwa bwana misitu, amehamishiwa Kigoma kutoka Moshi. "Mama huyu ana mguu mmoja mzima, na bustani anayo," Sia alisema siku moja. "Mimi ninayo yote miwili, na maji ya kunywa nangoja niletewe."

Mwezi wa tano mvua zilikatika. Choya zilikuwa zimeanza kutoa vitumba ilipokuja habari kwamba huko kambini kuna watoto waliopotezana na wazazi wao, na gari la shirika la wakimbizi lina nafasi. Mama Lyse alifunga kitenge chake. Kabla ya kuondoka alimwita Selina.

"Nakuachia hizi. Kila jioni uzipe maji. Mbegu nilizotoka nazo nyumbani nilizipanda zote, sina nyingine. Nikimpata Lyse, nisimpate, nataka nizikute hai."

"Nitazitunza, Mama Lyse," Selina akasema, na kwa moyo wake alikuwa anasema kweli.

Siku za mwanzo alikwenda ziwani kila jioni. Lakini kilima cha Bangwe, ukiwa na ndoo kichwani, kinarefuka kila siku. Jioni moja alicheza rede na wenzake mpaka jua likakaribia kuzama. Alipofika nyumbani alikuta karai kubwa mlangoni. Brigita alikuwa ametoa samaki kwenye pipa, akaacha maji yake kwenye karai, akaondoka na mzigo kwenda Kalinzi.

Selina alitazama ndoo. Akatazama kilima. Halafu akatazama karai. Mama Lyse mwenyewe si huzimwagia maji ya samaki? Akachota, akazimwagia choya zote. Kesho yake akafanya vilevile mpaka karai likaisha, tena akajipongeza kwa akili yake.

Baada ya hapo majani yakalegea. Kingo zake zikawa za kahawia kama zilizobabuliwa na moto, kisha yakaanza kudondoka. Selina alikwenda kwenye lile karai. Sehemu iliyokauka ilikuwa nyeupe. Akapitisha kidole, akakilamba. Maji ya kuoshea samaki na maji ya pipa ni vitu viwili tofauti. Alikuwa amezinywesha chumvi.

Alimweleza Sia peke yake.

"Sema ni mbuzi," Sia alimshauri. "Mbuzi hawezi kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitetea."

Brigita aliporudi kutoka Kalinzi alisimama barabarani na kikapu chake. "Selina, choya za watu zimepatwa na nini?"

"Labda ni mbuzi wa Mzee Bonifasi, mama."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Brigita, kwa hasira, akaenda kwa Mzee Bonifasi jioni ileile. Selina hakula vizuri. Alijua Mama Lyse atarudi siku yoyote, na alijua choya zile hazina mbegu nyingine duniani ila zile zilizokuwa zikifia pale mbele.

Asubuhi Mzee Bonifasi alikuja akimvuta mbuzi jike kwa kamba. Nyuma yake kitoto cha mbuzi kilikuwa kikilia.

"Mama Selina, nimekuja kuomba radhi," mzee alisema, kofia mkononi. "Huyu ndiye mtundu wao. Nampeleka kwa mchinjaji sasa hivi. Yule mama amekimbia vita kwao. Haiwezekani mbuzi wangu awe vita vingine huku."

"Lakini ananyonyesha huyu, mzee wangu," Brigita alisema.

"Ndiyo, ananyonyesha. Nifanyeje?"

Selina alikitazama kile kitoto, akamtazama mzee aliyevua kofia kwa kosa lisilo lake.

"Mzee, usimpeleke," alisema. "Si yeye. Ni mimi. Niliona uvivu wa kwenda ziwani, nikazimwagia maji ya pipa. Halafu nikasema uongo."

Brigita alichuchumaa, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauonja, akatema.

"Chumvi tupu," alisema. "Wewe mtoto, wewe. Adhabu yako ipo, lakini haitaziponya hizi." Akafukua kidogo kwenye shina moja, akaukwaruza mzizi kwa ukucha. Ndani ulikuwa bado mbichi. "Zimebakiza pumzi. Tukingoja siku mbili zaidi tutakuwa tunachimba kuni. Lete jembe, lete ndoo zote."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Walikwangua udongo wa juu wenye chumvi wakaubeba kwenda kuutupa mbali. Wakaleta udongo mwingine. Kisha ni maji: kushuka ziwani, kupanda, kumwaga mpaka yazame chini kabisa, kushuka tena. Shingo ya Selina iliuma, na hakusema inauma. Katikati ya kazi Sia alitokea, macho chini.

"Mambo ya mbuzi yalitoka kwangu," alisema. "Nipeni na mimi ndoo."

Mzee Bonifasi naye alirudi na gunia la samadi. "Hii ni kwa niaba ya mshitakiwa," alisema, akalitua chini. Hata Brigita akacheka.

Siku zilizofuata Selina hakukosa hata jioni moja. Choya za karibu na mlango zilikufa. Zile za upande wa kona, barabara inapokata kuelekea ziwani, zilichipua majani mapya.

Mama Lyse alirudi peke yake. Walimwambia kambini kwamba binti wa jina hilo alikuwapo, ila alihamishiwa kambi nyingine. Akawaachia ujumbe kwamba yuko Bangwe, wao wakaahidi kuupeleka. Selina alimwona tangu akishuka garini. Hakungoja afike nyumbani. Alimkimbilia, akapokea mzigo wake, akamwambia yote: uvivu, maji ya pipa, uongo, mbuzi.

Mama Lyse alitembea taratibu, akagusa kila mche, hata uliokufa.

"Nani amekutuma uniambie?"

"Hakuna, Mama Lyse. Nimekuja mwenyewe."

Akaegemea fimbo yake. "Nimerudi sina mtoto, na bustani imepungua," alisema. "Lakini mlinzi wake ninaweza kumwamini. Zilizobaki zinatosha kuonekana."

Selina hakuelewa zionekane na nani.

Wiki iliyofuata, asubuhi, alikuta ua limefunguka. Lilikuwa la njano iliyopauka, jepesi kama hariri, na katikati lina jicho jekundu lililoiva. Alipotoka shule lilikuwa limesinyaa na kuanguka. Alihuzunika. Lakini siku kwa siku, pale lilipokuwa, kikombe chekundu kikaanza kutuna na kujaa. Selina alikimbilia chumba cha uani.

"Mama Lyse, yule mgeni ni choya. Gauni lake ni ua. Likianguka ndipo kikombe kinanenepa."

"Ego," Mama Lyse alijibu, ndiyo ya Kirundi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Hicho umekipata. Lile swali bado limelala."

Jumamosi moja Selina alikuwa akimwagilia maji. Ng'ambo ya barabara alisimama msichana aliyemzidi kimo kidogo, miguu imejaa vumbi, furushi kifuani. Alizungumza Kirundi, na kwa kuwa Kirundi na Kiha cha akina Selina ni ndugu, Selina alimwelewa.

"Amahoro," alisalimia. "Nimeuliza tangu kule juu. Namtafuta mama anayeitwa Révérienne."

Aliuliza jina hilo kwa kuwa ndilo lililoandikwa kambini. Bangwe nzima hakuna aliyelijua, na hakuna aliyemwuliza yeye anaitwa nani. Selina naye alifikiri, akatikisa kichwa. "Mtaa huu sijamsikia mtu wa jina hilo, dada."

Msichana hakuondoka. Alikuwa akitazama choya, maua yaliyofunguka asubuhi ile na vikombe vyekundu chini yake. Alivuka barabara polepole.

"Hizi ni za nani?"

"Za Mama Lyse."

Furushi likamdondoka. Aliketi palepale vumbini, akafunika uso kwa viganja. Selina alitazama ile shingo ndefu na ule wembamba, kama wa Mama Lyse, akajua huyu ni nani. Akakimbia uani akiita. Mama Lyse alitoka bila fimbo yake, na hadi leo watu wa Bangwe hawajui ule mguu ulimbebaje mpaka barabarani.

Jioni walikaa uwanjani wote, Sia na Mzee Bonifasi pia. Brigita alikuwa amechemsha vikombe vya choya na sukari, maji yake mekundu yaliyokoza, na kila mtu ana bilauri mkononi. Lyse aliegemea bega la mama yake.

"Selina," Brigita alisema, "uvivu wako nilikuadhibu na tumeumaliza. Lakini jambo moja usilisahau, na wewe Sia usikie. Siku ile ungenyamaza, choya zingekauka mpaka ya mwisho. Mtoto huyu angepita hapa mbele ya nyumba yetu, akaambiwa mama yake hajulikani, akaenda zake. Kosa likisemwa mapema bado lina dawa. Wewe ulisema pakiwa bado na mizizi mibichi."

Selina aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Mama Lyse. "Sasa lile swali limeamka. Kwa nini ulizipanda barabarani?"

Mama Lyse alimgusa binti yake begani.

"Kwetu pia zilikuwa barabarani," Lyse alisema. "Nilipokuwa mdogo nilipotea siku ya soko, nikalia mlangoni kwa watu wengine mpaka jioni. Tangu siku hiyo mama aliniambia, nyumba zinafanana zote, usihangaike nazo. Popote nitakapokuwa, wewe tafuta choya."