Mwanawema, Himid na Kivuli cha Malkia Ranziya

Haya kanihadithia Mwanawema bint Rajab mwenyewe, Jumatatu moja ya msimu wa karafuu uliopita. Alikuja kwangu Gando kunisaidia kuchambua, na mambo yenyewe yalikuwa yameshatimiza mwaka.

Siku ilipoanza fitina alikuwa kazini kwake Konde, katika duka la steshenari, anawatolea watu kopi za vyeti. Simu ikalia. Alikuwa Himid, mchumba wake, fundi pikipiki wa hapo hapo Konde. Hata salamu hakutoa.

"Mwanawema, jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwani kuna nini?"

"Ndani, au kule mikarafuuni?"

"Mikarafuuni. Simu yangu ndani haishiki mtandao, unajua."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Ndipo Himid akalitoa.

"Mama alikuja kwenu kuleta kitambaa cha harusi. Kakukuta umesimama chini ya mkarafuu, mkono umeuinua, unasema na kivuli. Unakiambia umekipa damu yako miaka saba, sasa kikupe roho ya mfalme. Mama karudi mbio, kiatu kimoja kakiacha matopeni."

Mwanawema alitaka kucheka, lakini sauti ya Himid haikuwa ya mzaha.

"Himid, nilikuwa nasoma kitabu. Najirekodi niwapelekee wenzangu."

"Wenzako gani?"

Neno hilo ndilo lililoharibu. Kwetu Pemba mtu akikutwa peke yake mitini anaomba roho ya mtu, halafu akasema ana wenzake, hapana anayemuuliza tena wenzake wa nini. Kila mtu keshajijibu.

"Mama anasema posa irudi," Himid akasema. "Au usomewe. Keshamwambia Shehe Silima, Alhamisi baada ya Laasiri. Yasini na maji ya zafarani, basi. Kubali yaishe."

"Kwani naumwa nini?"

"Huumwi. Ni kumtuliza mama tu."

"Nikikaa chini nikasomewa mbele ya mama yako na majirani, nimekiri kwamba nna kitu. Nitazikwa nacho hicho kitu, Himid. Na watoto wetu wataitwa watoto wa yule."

"Basi nambie hao wenzako ni nani."

"Nilikwambia mwezi wa Shaabani. Ukanicheka."

Mwanawema akaikata simu.

Kitabu chenyewe kilimjia kwa njia ya kazi. Nesi mmoja, Safaa, alikwenda pale dukani na flashi, anataka kurasa mia sita na kumi na mbili zitolewe kwenye karatasi. Printa yao ilikuwa ya pole pole. Mwanawema akawa anaziokota karatasi zikiwa bado za moto, anazisoma. Kufika ukurasa wa thelathini alikuwa keshavuta kiti. Ilikuwa hadithi ya nchi isiyokuwemo kwenye ramani yoyote, yenye majoka na milima inayohama. Malkia wake, Ranziya, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, aliuza kivuli chake ili watu wake wapate mvua. Mfalme mumewe alipomwona hana kivuli, akamkimbia.

"Dada Safaa," alimuuliza nesi alipokuja kuzichukua, "mambo ya majoka si ya watoto haya?"

"Watoto watayajulia wapi majuto kama haya?"

"Mie nimelia ukurasa wa hamsini."

"Hamsini! Ngojea ufike mia tatu. Toa kopi yako, na hebu nipe namba yako."

Ndipo akaingizwa katika grupu la watu watatu: Safaa, yeye, na Mzee Ngwali wa Wete, karani mstaafu. Kila Ijumaa mmoja wao huwasomea wenzake sura moja kwa ujumbe wa sauti, kisha hubishana wiki nzima.

"Bibi," kaniambia Mwanawema, "nilikuwa nna miaka ishirini na saba, na hapana mtu aliyewahi kuniuliza: weye ungefanya nini? Pale nikaulizwa kila siku."

Alikwenda mbio kumhadithia Himid. Himid alisema, "Majoka? Na utu uzima wote huo?" Akacheka, akarudi kwenye pikipiki yake. Tangu siku hiyo Mwanawema hakumtajia tena.

Sasa grupu likapata habari.

Safaa akaandika: "Niende kwa mama mkwe wako nikamweleze?"

Mzee Ngwali akaandika: "Tukienda sote atasema kikao cha wachawi kimetimia."

Mwanawema akaandika: "Msije. Aje anayenioa."

Akaja. Jumanne asubuhi Himid kasimama mlangoni mwa duka, mikono imejaa grisi.

"Nipe hicho kitabu."

"Ukakichome?"

"Nikakisome."

"Weye? Karatasi ya dawa tu huimalizi!"

"Nipe, Mwanawema. Alhamisi haijafika."

Akampa. Himid akafuta mikono kwenye suruali ndipo akapokea, na hilo Mwanawema aliliona.

Siku hiyo hapana simu. Jumatano adhuhuri ukaingia ujumbe: "Huyu mfalme mpumbavu. Angemuuliza mkewe tu."

Mwanawema kausoma mara nne. Akajibu: "Uko ukurasa wa ngapi?"

"Tisini na moja. Macho yananiuma."

Hakuandika zaidi. Lakini kwenda kusomewa alikuwa bado hendi, na Himid bado hakuwa amesema yuko upande gani.

Alhamisi, uwanjani kwa Bi Zulekha, mama yake Himid, wanawake walikuwa wamekaa juu ya majamvi wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Jirani wote waliitwa. Mwanawema hakuitwa kuchambua, aliitwa kusomewa tu. Shehe Silima alikuwa keshafika, anakunywa kahawa na kungoja. Laasiri ikapita, msichana hakutokea.

"Mnaona?" akasema Bi Zulekha. "Asiye na kitu angeogopa nini?"

Himid akatoka ndani na bunda la karatasi.

"Mama, niruhusu nisome kitu."

"Lini umekuwa msomaji weye?"

Himid akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kama anayevuka mto juu ya gogo.

"'Nimekupa... nimekupa damu yangu miaka saba, ewe kivuli. Sasa nipe roho ya... ya mfalme.'"

Makonyo yakamwagika mkononi mwa Bi Zulekha.

"Shehe! Ndiyo maneno yenyewe! Na mwanangu keshaingiwa na kitu!"

"Mama, yameandikwa hapa. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Tazama, Shehe."

Shehe Silima akavaa miwani. Akasoma kimya. Akageuza karatasi, akasoma upande wa pili. Akaomba na nyengine.

"Shehe, vipi?"

"Hadithi hii, Bi Zulekha. Ya kutungwa. Hapana sihiri hapa." Akavua miwani. "Huyo malkia lakini, alipewa hiyo roho ya mfalme au hakupewa?"

Jirani mmoja, Bi Time, akadakia, "Kwanza kivuli kilijibu nini?"

"Sijui," akasema Himid. "Nimeruka kurasa nipafikie hapa. Anayejua hamkumwita."

Akamgeukia mama yake.

"Mama, aliyekosa mie. Alikuja kunihadithia mwanzo, nikamcheka. Ningemsikiliza, angesoma mbele yangu, asingekwenda kusimama mikarafuuni peke yake. Posa hairudi. Na kusomewa hasomewi. Mkimtaka, mwiteni kama anavyoitwa mtu."

Bi Zulekha akachukua kishada kingine cha karafuu, asichambue.

"Na uso wangu niutie wapi? Nimeshawaambia watu."

"Waambie tena. Watu wenyewe si hawa wamekaa?"

Bi Time akainama kuficha kicheko. Bi Zulekha akainuka, akajikung'uta, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kitambaa kwapani, akashika njia bila kumuaga mtu.

Mwanawema alikuwa ukumbini kwao alipoisikia hodi.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kitambaa chako hiki. Siku ile sikukifikisha."

"Ahsante mama."

Bi Zulekha akakishikilia kitambaa upande wake.

"Niliogopa, mwanangu."

"Najua. Hata mie ningejiona kwa mbali ningekimbia."

Bi Zulekha akacheka, kisha akashika mdomo.

"Nimekuvunjia heshima. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, mama. Nami nilificha kisichofaa kufichwa."

"Kesho tunachambua tena. Wanawake wanataka kujua kivuli kilijibu nini."

"Na weye hutaki?"

"Mie ndiye nisiyelala. Njoo mapema."

Mwanawema alipotoka kumsindikiza, akamkuta Himid anangoja njiani, kaegemea pikipiki.

"Umenisamehe na mie?"

"Umefika ukurasa gani?"

"Mia na arubaini. Kwa mpango, bila ya kuruka."

"Ukifika mia tatu ndipo uniulize."

"Kuna nini mia tatu?"

"Utalia."

"Fundi halii, Mwanawema."

"Kwa vile hujaolewa na mfalme kama yule," akamwambia, na ndipo mwenyewe alipocheka.

Nikaha ilifungwa mwezi uliofuata. Safaa alikuja, na Mzee Ngwali pia na bakora yake. Bi Zulekha alimtazama mzee huyo juu hadi chini.

"Ndio hawa wenzako wa mikarafuuni? Huyu kupanda ngazi ya baraza tu kashikwa mkono!"

Siku ya tatu ya harusi mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Karafuu ziliingizwa ndani, majamvi yakakunjwa, kazi hapana. Himid, mama yake na Mwanawema wakajilaza kwenye mkeka ukumbini, Mwanawema akawasomea. Himid alikuwa ameelekea ukutani. Kila akipenga makamasi anasema ni vumbi la karafuu. Baadaye akatulia, pumzi zikawa ndefu, kalala.

Mwanawema akasita.

"Endelea," akasema Bi Zulekha.

"Umefumba macho, mama."

"Masikio nimefumba?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, kurasa mbili, tatu, mpaka akasikia Bi Zulekha anakoroma. Akatia konyo la karafuu pale alipofika, akaliweka bunda chini. Alitaka kumwandikia Mzee Ngwali kwamba leo kamfahamu mfalme kwa nini alikimbia, aliogopa tu, kama Bi Zulekha siku ile ya kiatu, lakini simu ilikuwa chumbani na mvua ilikuwa nzuri. Akajivuta karibu na mumewe, naye akalala.