Ukuta wa Chumbani

Hili halikunikuta mimi, lilimkuta rafiki yangu, fundi sauti wa redio, mtu ambaye hata uongo wa kuchekesha humshinda.

Tangu mkewe afariki, alikuwa akiishi na sauti yake: salamu, vicheko, hata kikohozi, vyote kwenye folda moja ya kompyuta. Jioni moja ya mvua akaihamishia folda ile kwenye diski mpya. Kompyuta ikaganda, na ilipozinduka folda ilikuwa karibu tupu. Akampigia mwenzake wa kazini.

"Hiyo programu ina kasoro, kaka," mwenzake akasema. "Ukihamisha kitu, inafuta kabla haijanakili. Imeshaliza watu wengi. Pole sana."

Lilibaki faili moja tu, nalo lilionekana halina kitu. Hata hivyo akalicheza, akafungulia spika mpaka mwisho, akisaka japo pumzi. Ukaja mvumo mtupu, ukajaa nyumba nzima. Giza liliingia, taa hakuwasha.

Ko, ko.

Ukuta wa chumbani. Mkewe alikuwa akiugonga vivyo hivyo, mara mbili, kila kelele za kazi ya mumewe zilipomzidi. Chumba hicho kilifungwa tangu msiba, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Kwa mazoea, mkono ukapunguza sauti. Kimya. Akakaa akisikiliza mvua, akitamani agonge tena. Basi akaiongeza tena, polepole, mpaka mwisho.

Ko, ko.

Safari hii si ukutani. Ni kwenye egemeo la kiti alichokalia, nyuma kidogo ya shingo yake.