Kikopo Chini ya Mchunga

Saa za watu kutoka kazini, stesheni ya metro ya Al Jaddaf ilikuwa inatema watu. Jokha hakuwa na habari nao. Alikuwa ameinama chini ya mkunazi, anaokota kunazi na kuzitia katika pindo la mtandio wake wa zambarau. Upande wa pili wa shina, kijana mwenye shati la buluu la hoteli anapapasa mizizi, simu mkononi.

"Kaka, kunazi haziko huko."

"Sitafuti kunazi, dada. Natafuta kikopo."

Akamweleza. Watu huficha vikopo mjini. Simu hukufikisha karibu, hatua za mwisho utumie macho. Ukikipata, unaandika jina katika kidaftari kilichomo, unakirudisha palepale. Ukitoa kitu, uweke kitu.

"Na ndevu zako zote hizo?"

"Ndevu hazizuii kutafuta."

Jokha akacheka. Yeye mtu wa Unguja, aliyekuja ughaibuni kusafisha vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Garhoud. Kijana aliitwa Mubin, wa Mombasa, bawabu wa hoteli ya jirani. Basi ikawa kila Ijumaa wanaifuata ile njia ya miguu kando ya reli, Mubin na vikopo vyake, Jokha akichuma mchunga, mboga chungu iliyojiotea penye maji ya bustani. Sharti lao lilikuwa moja: anayeomba kusaidiwa kutafuta kashindwa, na atataniwa mwezi mzima.

Mkataba wa Mubin ulipokaribia kwisha, aliandika barua. Alfajiri ya Jumatatu akaitia katika kikopo pamoja na kidaftari kitupu, akakificha chini ya jiwe lililofunikwa na mchunga. Jumanne akapiga simu.

"Habibti, nimekufichia kikopo. Chini ya jiwe lenye mchunga, upande wa reli. Kabla ya Ijumaa uandike jina lako."

"Jina tu?"

"Jina tu. Mengine yamo ndani."

Barua ilisema: ukikubali nikuoe, andika jina, nami nitaomba mkataba mpya nibaki. Ukikataa, acha ukurasa mweupe. Sitakuuliza.

Kumbe Jumatatu hiyohiyo jioni Jokha alishapita na mfuko wake, akauchuma mchunga wa njia nzima, akaupika. Sasa mawe yalibaki matupu, mengi, yote sura moja. Alipindua mawe siku tatu mpaka kucha zikakatika. Angempigia amwambie, ule mchunga nimeula, yangekwisha. Lakini akauogopa utani. Hakumpigia.

Ijumaa Mubin akaenda kutazama. Mchunga umechumwa, vimebaki vikonyo. Akajua mkono wa Jokha umefika. Akafungua kidaftari, ukurasa mweupe. Akakirudisha kikopo palepale, akampigia simu.

"Jokha, ulifika?"

"Nilifika."

"Na huna neno?"

"Neno gani? Mimi vikopo vyako nimevichoka."

"Khalas," alisema Mubin. "Nimeelewa."

Jumapili akapanda ndege. Jokha aliambiwa na Mahfudha, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, na akaapa hatampigia yeye kwanza mtu aliyeondoka bila kuaga.

Januari ikanyesha mvua, mchunga ukachipua. Jokha akaenda kuchuma, hana hamu. Penye jiwe moja mchunga ulikuwa umestawi, na ukingoni kinang'aa kipande cha bati. Aliisoma barua amekaa chini, baibui lake linalowa. Kisha akapiga.

"Mubin. Mchunga niliuchuma Jumatatu, kabla hujaniambia. Kikopo sikukiona."

Metro ikapita juu. Mubin akauliza:

"Ulikuwa mtamu?"

"Niliutia nazi mbili."

"Ungesema umeshindwa, Jokha. Ningekutania siku moja tu."

"Si nasema sasa."

"Nimeoa. Mwezi uliopita. Mama alichagua, nami sikuwa na sababu ya kumkatalia."

"Mtu mwema?"

"Mwema. Hana kosa lolote."

"Basi usimkosee. Na usinipigie tena."

"Umepiga wewe."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kisha simu ikakatika, haijulikani aliyeikata.

Jokha akaandika jina lake katika ukurasa ule mweupe, na tarehe. Barua akaitia kifuani. Kwa kuwa ametoa kitu, akavua pete yake ya fedha akaiweka kikoponi. Akarudisha jiwe juu yake, akaenda zake, na mchunga wa pale siku ile hakuuchuma.