Vyeti vya Ukutani

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, mwanamke aliyeitwa Machela alipanda nyuma ya gari la wagonjwa la hospitali akaanza ukaguzi. Alitazama kipimo cha mtungi wa oksijeni. Alihesabu glavu na bandeji. Alivuta kila mkanda wa machela mara mbili. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu machela ikikwama ngazini, yeye ndiye aliyeitwa kuikwamua.

Hakuwa tabibu, alikuwa msaidizi tu. Tabibu alichoma sindano na kuandika. Machela alibeba, alisafisha, alishika kichwa cha aliyeumia shingo kisitikisike, na alimjibu kila ndugu aliyeuliza kama mgonjwa atapona. Kazi hiyo aliipenda kwa miaka minane. Mshahara ndio haukumpenda yeye. Ulibaki palepale ulipoanzia, kama gari lililokufa betri.

Basi akatafuta pengine. Kampuni ya kuhamisha samani ilikubali kumchukua kwa malipo bora, na ikampa mpaka mwisho wa mwezi kujibu. Jumamosi akaketi sebuleni kuandika barua ya kuacha kazi, uso umemshuka kama anayeandika tangazo la msiba.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimpima gauni jirani yao, karani mstaafu wa ofisi ya utumishi. Mtaa mzima ulimwita Bi Faili. Mama mkwe naye alikuwa kwenye kochi, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Alisema kubeba kabati ni afadhali kuliko kubeba mgonjwa, maana kabati halitapiki.

"Wala halisemi asante, mama," alijibu Machela bila kuinua kichwa.

Bi Faili alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha, futi ya fundi imemzunguka kiunoni, macho yameelekea ukutani. Pale zilining'inia fremu tatu zinazong'aa. Cheti cha huduma ya kwanza. Cheti cha kubeba majeruhi. Cheti cha kumwangalia mgonjwa safarini.

Akauliza ni vya nani. Mama mkwe akajibu kwa fahari kuwa ni vya mkamwana wake, na kwamba hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumba ile bila kusomewa vyote vitatu.

"Na ofisini wana nakala?" aliuliza Bi Faili.

Machela akaacha kuandika. Alisema hapana, lakini ofisi ndiyo iliyompeleka mafunzoni, kwa hiyo inajua.

"Ofisi haijui kitu, mwanangu. Faili ndilo linalojua. Faili lako linasema wewe ni nani?"

Machela hakuwahi kuliona. Alikumbuka tu kwamba aliajiriwa kufagia gereji ya magari ya wagonjwa. Siku moja mbebaji mmoja akaugua, naye akaambiwa ashike upande ule wa machela. Hakuuachia mpaka leo.

Bi Faili alicheka hadi fundi akapoteza kipimo. Kisha akaeleza taratibu, mikono bado iko hewani. Kila kazi ina daraja lake, na kila daraja lina mshahara wake. Hayo yote yameandikwa ofisini, na mfanyakazi anaweza kuomba kuyasoma. Juu ya msaidizi kuna msaidizi mwandamizi. Kuna msimamizi wa zamu. Kuna anayepokea simu za dharura na kuyapanga magari. Anayetaka anaweza hata kuomba kwenda kusomea utabibu. Lakini jasho lisiloandikwa popote halimpandishi mtu cheo.

"Sasa nianzie wapi?"

"Kwanza mwambie mumeo anishushe mikono."

Jumatatu Machela aliomba kuliona faili lake. Lilikuwa na karatasi moja: "Mfagiaji. Ana nidhamu." Akafanya kama alivyoelekezwa. Alipeleka nakala za vyeti zilizothibitishwa. Aliandika barua akieleza kazi anazofanya kila siku na tangu lini, akaomba kubadilishiwa daraja. Aliipitisha kwa msimamizi wake. Nakala yake akaigongesha muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

Wiki mbili zikapita kimya. Akarudi na nakala yake mkononi kuuliza. Barua ilikutwa chini ya birika la msimamizi, imelowa kidogo lakini inasomeka. Bila ule muhuri, wangemwambia hakuleta kitu. Msimamizi aliomba radhi, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara siku hiyohiyo.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, mkuu akamwita. Tabibu wa gari lake alikuwa tayari ameeleza kwa maandishi kwamba Machela ndiye aliyewafundisha wabebaji wote wapya. Mkuu alisoma, akakuna kichwa, akasaini. Kuanzia mwezi uliofuata, Machela angekuwa msaidizi mwandamizi.

Mshahara mpya ulikaribia ule wa kampuni ya samani, haukuufikia. Machela aliufikiria usiku kucha. Kule angebeba makabati mpaka mgongo useme basi. Huku kulikuwa na ngazi nyingine juu yake, na sasa alijua inapandwaje. Asubuhi akaipigia kampuni, akawashukuru, akawaambia anabaki. Mama mkwe alinuna mpaka chakula cha mchana, kisha akawapigia simu ndugu zake wote kuwatangazia cheo.

Habari zilifika gereji kabla ya Machela. Ijumaa wasaidizi wanane na dereva mmoja walipanga foleni mbele ya chumba cha mafaili. Karani wa humo alidhani ni mgomo, akafungua dirisha tu, akawawekea mafaili kwenye meza iliyo chini yake. Machela alisimama pembeni akiwaeleza nini cha kuangalia.

Dereva alifungua faili lake, akasoma, akasoma tena. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameandikwa mtunza bustani. Hospitali ile haikuwa na hata ua moja.

Alikuwa bado ameduwaa simu ya dharura ilipoita. Foleni ikavunjika, viatu vikasikika koridoni, na karani akabaki peke yake na mafaili tisa wazi mezani. Nje, king'ora kilikuwa kimeshawashwa. Mtunza bustani ndiye aliyewahi kushika usukani.