Mgeni Aliyenawa Mikono

Hebu nipe mkono wako, kisha tazama pamoja nami mtaa mmoja mrefu, saa saba mchana. Jua linawaka. Maduka yote yameteremsha milango yake ya chuma. Viti vya mkahawa vimepinduliwa juu ya meza, miguu hewani. Hakuna gari, hakuna redio, hata mbwa hayupo. Katikati ya mtaa huo wanatembea watu wawili, mwanamume na binti yake, wakivuta sanduku la magurudumu, na mlio wa magurudumu hayo ndio sauti pekee inayosikika.

Mwanamume huyo alikuwa mshona nguo, na kwao kila mtu alimwita Fundi. Binti yake alikuwa na miaka minane, na kwa wembamba wake baba alimpachika jina la Sindano. Walikuwa wamesafiri mpaka nchi ya watu, wakakodi nyumba ya mapumziko kwa siku nne. Mama yake Sindano alifariki miezi minane kabla ya hapo, na tangu siku ile mtoto hakucheka tena. Alikula, alioga, aliandika kazi zake za shule, lakini kicheko kilikuwa kimemtoka. Fundi akafunga duka lake, akasema, "Pengine kimekwama humu ndani. Tukakitafute kwingine."

Asichokijua ni kwamba siku waliyofika ilikuwa sikukuu ya nchi ile, na wenyeji wote walikuwa wamekwenda kwa ndugu zao.

"Baba, watu wako wapi?" Sindano aliuliza.

"Wamejificha. Wamesikia unakuja."

Sindano alimtazama tu, akaendelea kutembea.

Mwenye nyumba naye alikuwa amesafiri. Aliwaachia ufunguo ndani ya kisanduku cha namba kando ya mlango. Nyumba ilikuwa ndogo na safi: sebule, jiko nyuma ya ukumbi mwembamba, na chumba cha kulala. Ila ilikuwa na harufu, kama ya nguo zilizofungiwa sandukuni kabla hazijakauka. Fundi akafungua madirisha yote. Upepo uliingia, lakini harufu haikutoka.

Kwa kuwa hapakuwa na pa kununua chochote, walikaa mezani na masalia ya safari: mkate na mayai ya kuchemsha. Fundi alikuwa akimmenyea binti yake yai, kichwa kimeinama, alipohisi kivuli kikipita mlangoni.

Sasa, wewe na mimi tumelelewa namna moja. Mtu akitukuta tunakula, tunamkaribisha. Mdomo hutangulia, akili hufuata. Fundi, bila kuinua macho, akasema, "Karibu."

"Asante," ikajibu sauti ukumbini.

Ilijibu kwa lugha ya kwao, katika nchi ambayo tangu waliposhuka kwenye ndege hawakuwa wamemsikia mtu yeyote akiisema.

Kisha bomba la jikoni likafunguka. Maji yakatiririka. Wakasikia viganja vikisuguana, taratibu, bila haraka, kama vya mtu aliyefunzwa adabu akafunzika. Halafu bomba likafungwa.

Yai lilibaki mkononi mwa Fundi. "Umeacha mtu jikoni?" alinong'ona, asijue anauliza nini.

"Mimi niko hapa, Baba."

Alikwenda kutazama. Jikoni hapakuwa na mtu. Lakini sakafuni palikuwa na matone ya maji, yamefuatana kutoka kwenye bomba hadi mezani, hadi kwenye kiti cha tatu. Fundi akajiambia ni mabomba ya zamani, hayo ndiyo mambo yake. Sisi watu wazima ni mafundi wa kujisimulia hadithi. Alipokusanya vyombo, aliona kipande cha mkate kilichokuwa mbele ya kiti kile kimeota ukungu wa kijivu, ingawa mkate wenyewe ulikuwa wa asubuhi ile.

Uchovu wa safari ulimlaza kwenye kochi. Alipoamka, jua lilikuwa limeinama, na kilichomwamsha ni kicheko.

Kicheko cha Sindano! Kilitoka chumbani, chepesi, kikipanda na kukatika na kupanda tena, kama zamani. Fundi hakusogea. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, akawa anamshukuru Mungu kimyakimya. Kisha, chini ya kicheko kile, akasikia kingine kizito kikiandamana nacho.

Alikwenda mlangoni kwa ncha za vidole. Sindano alikuwa ameketi kitandani akiutazama upande mtupu wa kitanda, na upande huo godoro lilikuwa limebonyea kama lililokaliwa na mtu mnene.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni wako, Baba. Anajua vichekesho vyote vya Mama, hata kile cha kuku aliyekwenda harusini." Macho ya mtoto yaling'aa. "Anasema kwao kuna watu wengi, hakuna anayekula peke yake. Jua likizama nitakwenda naye."

"Na mimi je?"

Sindano aliligeukia bonde lile la godoro, akasikiliza, kisha akajibu kwa upole, "Anasema wewe hujaalikwa."

Fundi alimshika mkono, akamtoa hadi kizingitini pa mlango wa mbele, na akampigia simu mama yake mzazi, ambaye kwao ndiye aliyeitwa watu walipopandwa na vitu visivyoonekana.

"Mama, kuna kitu humu ndani."

"Punguza sauti. Kimeingia chenyewe au kimekaribishwa?"

"Tulikuwa tunakula..."

"Ukasema karibu."

"Ndiyo, Mama."

"Ewe mtoto! Na mimi ndiye niliyekufundisha." Bibi akashusha pumzi. "Jini wa nyumba tupu habishi hodi. Hungoja kuitwa."

"Tukimbie?"

"Umwache mgeni ndani ukimbie? Atawafuata kuuliza amekosa nini. Wala usimfukuze. Ukimfukuza uliyemwita mwenyewe, kosa ni lako, na fidia atajichagulia. Anamtaka mtoto?"

"Anamtaka."

"Basi msindikize, kama mgeni yeyote. Mpeleke mpaka njia panda, umuage vizuri, na mkono wa mjukuu wangu usiuachie. Uwe umemaliza kabla jua halijazama."

"Na likizama kabla hatujafika?"

"Sisi mgeni wetu tunampa jembe siku ya tatu. Huyo akilala usiku mmoja tu, yeye ndiye atakupa wewe jembe, na si la kulimia. Kata simu, nenda."

Fundi alirudi hadi mlango wa chumba, mkono wa Sindano ukiwa mkononi mwake. Akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaaga wateja wake, "Mgeni wetu, tumefurahi umekula nasi. Twende tukusindikize."

Godoro likainuka polepole. Harufu ya nguo mbichi ikampita usoni, ikatangulia mlangoni.

Wakatoka, na mtaa ulikuwa mtupu kama walivyoukuta, madirisha yote yamefumbwa, na Fundi akawa anasikia viatu vyake, na viatu vya mtoto, na hatua za tatu, pekupeku, zenye maji, zikifuatana nao upande wa pili wa Sindano, na alipojilazimisha kutazama aliona mkono wa kushoto wa binti yake umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa kuzunguka kitu ambacho yeye hakukiona, kama mtoto anavyoshikwa na wazazi wake wawili, mmoja huku na mmoja huku, siku ya matembezi, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, moyo wake ukamwambia hivi ndivyo tulivyokuwa, watu watatu, acha iwe hivyo.

Kwenye njia panda Sindano alivutwa. Mwili wake mwembamba ukanyooka kati ya baba yake na ile hewa tupu, na visigino vikaacha ardhi.

"Utarudi kula peke yako?" sauti ikamuuliza Fundi, karibu kabisa na sikio. Ilikuwa imekuwa sauti ya mkewe.

Jua lilikuwa limebaki ukucha tu juu ya mapaa. Fundi alitaka kupiga kelele. Alimeza kelele zile.

"Nitakula na mwanangu," akasema. "Sisi tunaishia hapa. Mwenyeji hamfikishi mgeni mpaka kwake. Tafadhali, uachie mkono wake, umechoka. Safari njema."

Kisha vidole vya Sindano vikafunguka kimoja kimoja, miguu yake ikarudi chini, na harufu ikaondoka pamoja na upepo. Barabara zote nne zilikuwa tupu. Fundi akapiga magoti, akamkumbatia binti yake.

Na hapo, begani kwake, akamsikia mtoto akisema polepole, kwa adabu zake zote, "Karibu tena."

"Sindano! Kwa nini umesema hivyo?"

"Alikuwa analia, Baba. Na leo ni sikukuu, na hana mtu."

Walirudi kwao kwa ndege ya kesho yake, wakati maduka ya mtaa ule yalikuwa yakifunguliwa na watu wakisalimiana milangoni. Sindano anacheka siku hizi, shuleni na nyumbani, na baba yake anashukuru. Ila sikukuu ikifika, mtaa ukanyamaza, hucheka kabla hajaambiwa kitu, uso ameuelekeza upande usio na mtu. Fundi huacha kushona, akasikiliza kama anacheka peke yake.

Mimi nina ombi moja tu kwako. Sikukuu ijayo, nyumba yenu ikijaa kelele na vicheko, ikumbuke ile nyumba ya mtaani kwenu ambayo hutasikia sauti ndani yake. Nenda kabishe hodi wewe, mapema.