Sauti Iliyobaki Chumba cha Mashine

Asubuhi hiyo Roslyn, mtaalamu wa tiba ya mionzi hospitalini, alifanya ukaguzi wa chumba cha mashine kama kawaida. Aliizunguka mashine ya protoni, inayotengeneza mwale wa kuua saratani, akachungulia chini ya sumaku na nyuma ya mabomba, akabonyeza vitufe vya ukutani vya kuthibitisha ukaguzi, na kila kona akaita, "Kuna mtu humu?" Ndivyo sheria inavyotaka, maana mlango wa zege ukishafungwa na mwale ukawaka, aliyesahaulika ndani amekwisha. Kona ya mwisho akajibiwa.

"Hamna."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Alijiambia ni mwangwi, ingawa mwangwi gani huo unaojibu maswali? Akarudia kuangalia, asione mtu, ila pua ilinasa harufu ya nywele zilizoungua. Akatoka, akafunga.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mzee Lorne Hackett, dereva mstaafu wa malori ya magogo, mbishi kuliko magogo yenyewe. Jicho la kushoto lilipotea ujanani, kwenye hoki ya barafu. La kulia, lile pekee lililobaki, lilikuwa na uvimbe wa saratani. Leo ilikuwa dozi ya mwisho, na daktari alishamwambia bila kuzunguka kwamba isipokamilika, jicho linatolewa.

"Tazama kijitaa chekundu tu, mzee," Roslyn alimwambia akimfunga barakoa kitini, katika chumba cha matibabu cha pembeni. "Jicho likihama, nakata mwale."

"Nimeendesha lori kwenye barafu miaka yote hiyo, binti. Kijitaa ndicho kitanishinda?"

Akauma kipande cha plastiki kinachotuliza kichwa, Roslyn akatoka. Nje, yeye na Gurdev, mwanafizikia wa zamu, waliliona lile jicho kwenye skrini, kubwa kama sahani. Mwale ukawaka. Jicho likageukia kushoto. Roslyn akaukata papo hapo, akakimbilia ndani.

"Vipi, mzee?"

Lorne akatema kipande. "Si umeniambia nitazame kushoto?"

"Sijafungua kinywa."

"Ilikuwa sauti yako. Imetokea humu." Akaonyesha bomba linaloleta mwale kutoka chumba cha mashine hadi mbele ya uso wake.

Roslyn aliinama akachungulia mdomo wa bomba, asione kitu. Kisha hasira ikampanda, na hasira ilimfaa zaidi kuliko woga. "Basi tuelewane. Kuanzia sasa sisemi nawe neno. Ukisikia sauti yangu, si mimi."

"Na nikimjibu je, huyo asiye wewe?"

"Mjibu upendavyo, ila jicho lisihame."

Aliporudi, Gurdev alikuwa amejikunyata kwenye kiti. "Ros, dada yangu, tuahirishe," alinong'ona. "Hiki si kitu cha fizikia."

"Tukiahirisha, jicho linakwenda."

Hapo spika ya mezani ikakoroma, na sauti ya Roslyn ikasema taratibu, "Niachie jicho. Ukiwasha, sauti hii yako siirudishi."

Gurdev aliufunika uso. Roslyn aliogopa, aliogopa hasa, lakini mikono yake haikuomba ruhusa.

"Baki nayo," akasema, akabonyeza.

Taa zikafifia, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa hadi machozi yakawatoka, na ndani ya bomba ile sauti ikaanza kumwita Lorne kwa jina, ikimwambia kushoto, ikimwambia kulia, ikimwambia kuna mtu nyuma yako mzee hebu mtazame, ikicheka, ikilia, ikibembeleza kama anayebembeleza mtoto, na kwenye skrini jicho likatiririsha chozi hadi shavuni bila kuhama hata unywele. Kisha, kwenye skrini ya pili, mkono wa mzee ukainuka polepole kutoka kitini, kidole cha kati kimesimama kuitukana ile sauti. Gurdev akacheka huku meno yakigongana.

Mwale ukazimika. Dozi ilikuwa imekamilika. Roslyn akafungua kinywa ampongeze mzee wake, na hewa ndiyo iliyotoka.

Madaktari walilipima koo lake, wakasema ni zima. Lorne alibaki na jicho lake, anasoma magazeti na kubishana nayo.

Roslyn alirudi kazini. Siku hizi hawezi kuita. Hugonga mabomba kwa spana. Siku ya kwanza aligonga kila kona, akachungulia chini ya sumaku na nyuma ya mabomba, akahakikisha hakuna mtu, akatoka. Mlango wa zege ulipoanza kujifunga, sauti yake mwenyewe ikamlilia kutoka ndani.

"Ros, usifunge. Safari hii kuna mtu humu. Ni mimi."

Alisimama akiisikiliza, maana alikuwa na hamu nayo. Kisha akainua kidole kama cha mzee Lorne, na kwa mkono wa pili akageuza ufunguo wa kuruhusu mwale.