Chuma hadi Chuma

Zahari ndiye aliyeharibu, tuseme ukweli. Ukungu ulipoufunika mgongo wa milima ya Balkan, fimbo nyeupe ya dada yake Nevena, ile ya betri inayohisi vizuizi, ilitetemeka mpini: mbele kuna kitu. Kilikuwa kimoja tu kati ya vile vyuma virefu vilivyosimikwa kuonyesha njia wakati wa theluji. Lakini Zahari, kama wenye macho wengi wa kwetu, alidhani kipofu ni wa kukokotwa. Akamnyakua mkono, akamvuta pembeni. Theluji ikakatika, wakaporomoka wote wawili hadi vichakani.

Nevena aliinuka, shavu limechubuka. Zahari hakuinuka. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, na suruali imelowa chapachapa.

“Tusubiri waokoaji hapahapa,” alisema, meno yakigongana.

“Mpaka ugande? Thubutu!” Nevena alikuwa ameshaanza kumfunga mguu kwa skafu na vijiti. “Kwenye ukungu huu watatuonaje? Simama.”

“Nevena, mimi mwenyewe sioni hata vidole vyangu!”

“Karibu kwetu, kaka.”

Walipanda kwa magoti na viwiko mpaka juu. Hapo fimbo ikawa kimya. Baridi ilikuwa imeishinda betri. Nevena aliichomoa, akaibana kwapani, akasubiri huku akiuporomoshea upepo matusi ambayo mama yao asingeyavumilia. Alipoirudisha na kupunga fimbo, mpini ukatetemeka. Akanyoosha mkono, akagusa chuma.

“Sasa usinivute. Shika kiwiko changu, ufuate nyuma.”

Wakaenda hivyo, chuma hadi chuma. Kila mtetemo ulipokatika, Nevena alisimama, akapunga fimbo kulia na kushoto mpaka ukarudi. Zahari alichechemea nyuma, midomo imekufa ganzi, maneno yameanza kumkwama.

Ghafla kengele ikalia. Ndivyo walinzi wa nyumba za kupumzikia wapanda mlima wanavyofanya ukungu ukishuka, waliopotea wasikie.

“Ile pale! Kushoto! Tukate moja kwa moja!”

“Vyuma vinakwenda kulia.”

“Achana na hilo dude lako! Naisikia kwa masikio yangu!”

Nevena hakubishana. Alishusha ncha ya fimbo upande wa kushoto. Ikazama hewani. Akasukuma bonge la theluji kwa mguu, hawakusikia likitua. Zahari akakaa chini, akalia kwa hofu bila kuona haya.

“Nitakufa, Nevena.”

“Utakufa siku nyingine. Leo unatembea. Inuka!”

Akainuka.

Vyuma vikawapeleka kulia, vikazunguka genge hadi kwenye nyumba yenye kengele. Mlango ulipofunguliwa, joto na harufu ya supu ya maharage viliwapiga usoni. Mzee Gancho, mlinzi wa nyumba, alimpita Nevena, akamkumbatia Zahari.

“Hongera, kijana! Umewezaje kumshusha kipofu kwenye hali hii?”

“Muulize yeye,” Zahari alisema, akiteleza ukutani mpaka sakafuni. “Mimi nilikuwa mzigo.”

“Tena mzigo wenye kelele,” alisema Nevena, akivuta kiti mwenyewe. “Mfunike blanketi, mzee. Halafu nipe supu.”